Samaki Tisa

Nasema wazi, na wa kukasirika akasirike: watoto wetu hawasinzii kwenye somo la uraia kwa sababu ni wajinga. Wanasinzia kwa sababu sisi wakubwa tumelitoa roho. Tunawachoresha bendera, tunawakaririsha bunge, mahakama, rais. Basi. Tena kwa lugha za wengine, si kwa Kibajuni anachogombania nacho na dada yake nyumbani.

Hebu jaribuni hivi. Leteni samaki tisa, hata wa karatasi. Iteni watoto wanne mbele, kila mmoja apewe wawili. Anabaki samaki mmoja. Huyo wapeni wote waliobaki darasani, wagawane. Mtasikia kelele: "Si haki!" Hapo ndo mmefundisha mfumo wa 4.5 uliokubaliwa Arta, Jibuti, mwaka 2000: koo kubwa nne, kila moja fungu zima, sisi na jamii nyingine ndogo, nusu ya kugawana. Mtoto wa miaka tisa keshaelewa, na hajakariri kitu.

Kisha waulizeni: babu zenu Chula, Koyama na Chovai, wakirudi baharini, waligawaje? Chombo kina fungu lake, nahodha lake, mabaharia yao. Nani aliamua? Asiyeridhika alisema wapi? Hiyo ndiyo serikali, jamani. Mtoto wa mvuvi ataibishia mpaka kengele ilie.

Wazee wetu mwaniambia, "Usiwatie watoto siasa." Kwa heshima zote, wazee wangu, siasa iliwatia mashuani mwaka 1991 bila kuuliza umri wa mtu. Tukinyamaza, mtoto atadhani nusu ndiyo kipimo chake alichoandikiwa na Mungu. Nusu imeandikwa na watu, na watu hufuta.

Wengine wasema, sisi wakimbizi, kura ya nini? Lakini hapa kambini twachagua viongozi wa bloku, na mtoto anapanga foleni ya maji kila siku. Anamwona anayerukia mbele. Mpeni maneno ya kusema.

Katiba ya muda ya Somalia ya 2012, ibara ya 31, iliahidi kukuza utamaduni na lahaja za jamii ndogo. Walimu, isomeni kwa Kibajuni, darasa la nne, wiki hii. Halafu waacheni watoto waulize: ahadi hiyo iko wapi? Msiwajibie haraka.