Hukumu ya Filamu si Hukumu ya Haki

Majuzi nilikuwa nikisafiri kwa matatu kutoka mjini Meru kuja Embu, baada ya kuwazuru jamaa zangu wa ukweni. Kijana aliyeketi mbele yangu alikuwa na simu, na ndani ya simu mna filamu ya mauaji ya kweli, zile ambazo siku hizi zimejaa tele: sauti nzito ya msimulizi, muziki wa kutisha, picha ya marehemu akicheka, kisha uso wa aliyehukumiwa. Sauti aliifungulia wote. Hatujafika Chuka, gari zima lilikuwa limekwisha kuwa mahakama. Huyu asema jamaa kaonewa, yule asema kitanzi kimemstahiki. Tulipovuka Mto Mutonga, mmoja akanyosha kidole, na mjadala ukahamia kwa yule bloga wa Meru aliyejulikana kwa jina la Sniper, aliyetoweka Desemba 2023 na maiti yake ikapatikana katika mto huo. Hapo napo wauaji wakatajwa kwa yakini kabisa, na watu ambao hawakuona lolote.

Nilinyamaza, msomaji mpenzi, lakini moyo haukunyamaza.

Sitaki nieleweke vibaya. Sauti ya umma ina kazi yake, na huko huko Embu iko dalili. Agosti 2021, katika kijiji cha Kianjokoma, ndugu wawili vijana walikamatwa na polisi kwa kosa la kupitisha saa za kafyu ya korona. Baadaye jamaa zao walizikuta maiti zao mochari. Polisi walieleza kwamba vijana hao waliruka garini likiwa mwendoni. Wanakijiji hawakuridhika na maneno hayo. Waliandamana, nchi nzima ikapaza sauti, mamlaka ya IPOA ikachunguza, na polisi sita wakashtakiwa kwa mauaji. Lau watu wangalikaa kimya, huenda maelezo yale ya kwanza ndiyo yangalikuwa ya mwisho. Na sisi wa Pwani twaujua vyema uchungu wa faili lisilofunguka. Sheikh Aboud Rogo aliuawa Agosti 2012, na Sheikh Abubakar Shariff Aprili 2014, wote Mombasa, na mpaka leo tungali twauliza nani.

Kwa hiyo kelele za kufungua faili nazikubali. Ninazozikataa ni kelele za kulifunga. Kushtakiwa si kuhukumiwa, na mtu kumwona mwenziwe kwenye kioo cha simu si kumshuhudia.

Tulipokuwa chuoni, maalim alitufundisha kwamba kadhi haruhusiwi kukata shauri mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Alitufundisha pia kwamba mwenye kuletewa habari na asiyeaminika aichunguze kwanza, asije akawadhuru watu kwa kutojua kisha akajuta; na kwamba shaka ikiingia, adhabu nzito huwekwa kando. Sasa tuitazame filamu kwa mizani hiyo. Mtengenezaji ana saa za mazungumzo chungu nzima, naye huchagua dakika chache. Nani azungumze, nani akatwe, muziki ulie wapi, yote ni shauri lake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Hata akiwa mkweli, ni yule yule anayeleta shahidi, anayemhoji, na anayemnyamazisha. Kadhi wa namna hiyo tungemkataa mbio.

Pamoja na hayo, ziko filamu zilizookoa watu. Huko Texas, Marekani, Randall Dale Adams alihukumiwa kufa mwaka 1977 kwa kumwua polisi. Mwaka 1979 zilibaki siku tatu tu auawe, hukumu ikasimamishwa. Mwaka 1988 Errol Morris akatoa filamu iitwayo The Thin Blue Line, iliyoonyesha jinsi ushahidi wa mashahidi ulivyokuwa dhaifu, na jinsi shahidi mkuu mwenyewe alivyokaribia kukiri kosa. Mwaka 1989 Adams akatoka. Angalieni lakini: hakutolewa na machozi ya watazamaji. Ushahidi ule ulirudishwa mbele ya majaji, wakaupima.

Kesi ya pili yatugusa zaidi, kwani mshtakiwa ni Mwislamu. Adnan Syed alihukumiwa mwaka 2000 kwa kumwua Hae Min Lee, msichana aliyesoma naye Baltimore, mauaji ya mwaka 1999. Kipindi cha sauti kiitwacho Serial, cha mwaka 2014, kikamfanya ajulikane ulimwenguni. Septemba 2022 hukumu ikafutwa, akatoka. Machi 2023 mahakama ya rufani ikairudisha, na Agosti 2024 mahakama ya juu ya Maryland ikakubaliana nayo, kwa sababu familia ya marehemu haikupewa taarifa ya kutosha ya kuhudhuria. Machi 2025 jaji akampunguzia kifungo hadi muda aliokwisha kuutumikia. Akabaki huru, na hukumu ya hatia ikabaki pale pale. Mamilioni walikwisha kumjua Adnan kwa sauti yake. Wangapi walimjua Hae? Asiyekuwepo na lake halipo, na katika mauaji asiyekuwepo daima ni yule aliyeuawa.

Nirudi garini. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa kimya tangu Meru, alinigeukia karibu na Runyenjes, akasema: "Baba, mwanangu yuko ndani kwa mauaji, mwaka wa kumi na moja huu. Hakuna aliyekuja na kamera." Sikuwa na la kumjibu. Sijui kama mwanawe aliua au hakuua. Ninalojua ni kwamba maskini asiye na sura ya kupendeza wala hadithi ya kusisimua hatengenezewi filamu, na haki isiyofika ila kwa mwenye filamu ni haki pungufu.

Njia yake iko ndani ya sheria, ila haitangazwi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50(6), yampa aliyekwisha kushindwa rufani nafasi ya kuomba Mahakama Kuu imsikilize upya, kukipatikana ushahidi mpya wenye uzito. Kifungu hicho hicho cha 50 chaitaka serikali impe mshtakiwa wakili pale dhuluma kubwa ingetokea bila ya wakili. Na tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila mwuaji ni kinyume cha Katiba. Mlango huo ulifunguliwa kwa hoja zilizopimwa pande zote.

Basi vijana wetu wenye kamera, kama kweli mwataka haki, kazi yenu hii hapa: someni faili lote, mtafuteni shahidi ambaye hakuitwa, nendeni kwa jamaa wa marehemu kabla ya kwenda kwa mshtakiwa, kisha mlilolipata mlipeleke kwa mawakili wakalifikishe kortini. Nasi watazamaji tuwe wazito wa kutaja majina. Leo ni mtoto wa Meru, kesho ni wa Kisauni au wa Lamu, na mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Usiandikie mate na wino ungalipo. Na wino wa mauaji ni ushahidi.

Wallahu aalam.