Dawa ya panya haijawa dawa ya mwanariadha

Ipo biashara inayoshamiri ulimwenguni ambayo yafaa itutie wasiwasi sisi Wakenya, ambao riadha kwetu ni riziki kabla ya kuwa burudani. Ni biashara ya peptidi, vipande vidogo vya protini vinavyodungwa mwilini kwa madai kwamba huponya kano na misuli upesi.

Zinazosifiwa zaidi ni mbili, na aghalabu huuzwa pamoja: BPC-157, yenye asidi 15 za amino, ambayo imechunguzwa kwa miaka mingi mjini Zagreb, Croatia, na TB-500, yenye uhusiano na protini iitwayo thaimosini beta-4.

Sikatai kwamba matokeo ya Zagreb yanavutia. Kano za panya zilizokatwa zilipona vyema zaidi. Hata hivyo, majaribio kwa binadamu ni machache na madogo mno. Ikiwa hatujaijua vyema kila moja peke yake, tutajuaje zinavyofanya zikichanganywa? Isitoshe, katika wanyama BPC-157 huchochea kuota kwa mishipa mipya ya damu. Hiyo ni neema kwenye kidonda, lakini uvimbe wa saratani nao hulishwa na mishipa kama hiyo. Mnamo 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiorodhesha BPC-157 miongoni mwa viambato vinavyoweza kuhatarisha usalama wa wagonjwa.

Linaloniudhi zaidi ni ile lebo: "kwa utafiti pekee". Muuzaji amejikinga nayo, huku akijua fika kwamba mnunuzi hana maabara.

Watetezi watasema mtu mzima ana haki juu ya mwili wake. Naam. Basi na tuwatazame wachezaji wa Essendon, klabu ya kandanda ya Australia. Katika msimu wa 2012 walidungwa sindano chini ya mpango wa klabu yenyewe, wakatia saini fomu za kuridhia. Januari 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliwapiga marufuku 34 kati yao kwa miaka miwili kwa kutumia thaimosini beta-4. Nahodha wao, Jobe Watson, alipoteza medali ya Brownlow ya 2012. Kwamba waliambiwa dawa hizo ni halali hakukuwaokoa.

Orodha ya WADA inakataza TB-500, na tangu 2022 inaitaja BPC-157 kwa jina. Mkimbiaji wa Iten mwenye kano iliyovimba, ambaye mbio zake ni wiki sita zijazo na karo ya wadogo zake inamngoja, ataambiwa dawa imepatikana. Akipimwa, atakayejibu ni yeye, wala si aliyemdunga. Mahubiri hayamtoshi kijana huyo. ADAK na Riadha Kenya zimpelekee kambini mtaalamu wa viungo, bila malipo, kabla mwenye sindano hajabisha hodi.