Wakulima wa Maua wa Mutuini na Haja ya Chama

Juma hili nataka tuzungumze juu ya maua, wala mtu asidhani kuwa ni habari za mapambo tu. Huko Mutuini, na katika vijiji vya jirani kama Waithaka na Ruthimitu, mashamba yamegawanywa baina ya wana na wajukuu hata wengine wamebakiwa na kiwanja kisichotosha kulisha nyumba moja kwa mahindi. Mwenye kipande kama hicho hupanda maua, maana mji wa Nairobi, pamoja na arusi zake na maziko yake, uko mbele ya mlango wake.

Basi, taabu yake ni nini? Ni kwamba ua halingoji. Kahawa iliyokaushwa huweza kukaa ghalani. Waridi lililokatwa alfajiri, likikosa maji na kivuli, jioni limekwisha inamisha kichwa. Dalali wa mjini analijua jambo hili vema. Humwacha mkulima asimame na ndoo yake mpaka jua limepanda, kisha ndipo humtajia bei. Mkulima akiihesabu nauli ya kurudi nyumbani, hukubali. Kesho yake jirani yake hufika, naye peke yake, akaambiwa kwamba fulani aliuza kwa bei ya chini zaidi. Hana njia ya kujua kama ni kweli.

Taabu hii si ya Mutuini tu. Katika mwaka 1911, wakulima wa maua wa Aalsmeer, kijiji cha Uholanzi, walichoka kupangiwa bei na wachuuzi. Walipatana maua yao yauzwe mnadani, mbele ya macho ya wote. Vyama viwili vya ushirika vilianzishwa huko, navyo viliungana mwaka 1968. Mnada wao ulitumia saa kubwa ukutani: mshale huanza penye bei ya juu na kushuka, na mnunuzi wa kwanza kuusimamisha ndiye mwenye mali. Mwaka 2008 chama hicho kiliungana na FloraHolland, nacho ni mali ya wakulima wenyewe. Maua mengi ya mashamba makubwa ya Naivasha yameuzwa humo. Sisemi kwamba watu wa Mutuini wajenge saa ya namna hiyo. Nasema tu kwamba wale nao walianza na maua mafungu mafungu.

Sheria ya Vyama vya Ushirika iliyotungwa mwaka 1997, na kurekebishwa mwaka 2004, iliruhusu watu wasiopungua kumi kuomba kuandikishwa. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache, wala hapana mtu mmoja anayeruhusiwa kushika zaidi ya sehemu moja katika tano za mtaji wa hisa. Lakini kuna neno jingine katika sheria hiyo ambalo waume wengi hawalipendi. Mwanachama hatakiwi awe na hati ya shamba. Yatosha awe anaishi au anatumia ardhi katika eneo la chama, na awe anafanya kazi ile ambayo chama kimeundwa kwa ajili yake. Sasa tazama: ni nani anayeinuka alfajiri kukata maua? Mara nyingi ni mama wa nyumba. Kumwandika mume aliye kazini mjini, kisha kumwachia mkewe jembe na ndoo, ni kuunda chama cha watu wasiojua maua yao yamefikia wapi. Na aandikwe yeye anayelima, na malipo yatolewe mkononi mwake.

Ugonjwa unaoua vyama vya namna hii naujua, nao si dalali. Ni mwanachama ambaye, siku bei inapopanda, humpelekea dalali maua mazuri usiku, na kukiletea chama yale yaliyovunjika shingo. Gari la chama huondoka nusu tupu, mnunuzi aliyeahidiwa mashada hayapati, na juma la pili haji tena. Kwa sababu hiyo sheria hukipa chama nafasi ya kufanya mkataba na wanachama wake juu ya kuuza mazao. Mkataba huo uandikwe tangu mwanzo, na faini itajwe kwa shilingi, kabla hajapatikana wa kutozwa.

Na hesabu je? Baada ya mwaka 1997, serikali ilipolegeza mkono wake, vyama vingi vya kahawa katika Kenya ya Kati viligombana na kugawanyika vipande vipande, hata ikabidi sheria irekebishwe mwaka 2004 ili usimamizi urudi. Kwa hiyo halmashauri isiwe na mtunza hazina ambaye pia ni katibu na tena ndiye mwenye gari. Anayepanga maua kwa urefu wa kikonyo asipange ya shamba lake mwenyewe.

Kwa kuanza hauhitajiki mkopo. Wakulima kumi wakodi gari moja dogo kwa siku mbili za juma, wanunue ndoo za namna moja, na kila mtu apewe kadi yenye idadi ya mashada yake. Bei iliyopatikana sokoni ibandikwe ukutani jioni ile ile, mahali ambapo hata asiye mwanachama ataisoma. Wakidumu hivyo miezi mitatu, waende katika ofisi ya ushirika ya kaunti wakaulize habari za kuandikishwa, wakiwa na daftari mkononi.