Chema Chajiuza? Si Katika Duka la Michezo ya Kompyuta

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imetufaa sana sokoni, lakini nathubutu kusema kwamba kuna biashara moja mpya inayowavutia vijana wetu hapa Kabianga ambayo haiitii hata kidogo. Nayo ni biashara ya kutunga michezo ya kompyuta na kuiuza katika maduka ya mtandaoni. Humo, chema kisichojua kujitembeza hufa bila kuonjwa.

Hebu tutazame hesabu, ndugu msomaji. Duka la Steam, mali ya kampuni ya Valve ya Marekani, mwaka 2024 pekee liliingiza michezo mipya zaidi ya 18,000, yaani karibu 50 kila siku. Mlango wake uko wazi. Tangu mwaka 2017 mtungaji yeyote hulipa dola 100 kwa kila mchezo, takriban shilingi 13,000 za Kenya, naye akapewa nafasi rafuni. Duka la Google la michezo ya simu hutoza dola 25 mara moja tu. Basi kuingia sokoni si kazi. Kazi ni kuonekana. Mnunuzi anapofungua duka hakuti mchezo. Hukuta safu za picha, kila moja ndogo kama stempu ya posta, na kidole chake kinapita upesi. Kijana aliyekesha miaka miwili akiutunga mchezo wake huhukumiwa kwa picha moja, kwa muda wa kupepesa jicho.

Sisi tunaoishi katika nchi ya chai hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Pakiti ya chai ya Ketepa, kampuni iliyo papa hapa Kericho, husimama rafuni nyuma ya wavu wa duka, bega kwa bega na pakiti za wengine. Mama aliye nje ya wavu haonji wala hasomi maandishi madogo. Hunyoosha kidole na kusema, "Nipe ile." Mchoraji wa matatu naye anajua kwamba gari halimsubiri abiria atafakari. Kwa hiyo huchora kitu kimoja kikubwa, kwa rangi zinazopingana, na jina linalosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Anayetaka kuuza mchezo wa kompyuta ana walimu wake tayari.

SIMBA ASIYEKUWAMO

Juzi vijana wawili wa hapa waliniletea mchezo wao niutazame, kwa kuwa wanajua naandika habari za sanaa. "Mzee, tuambie ukweli," wakasema. Mchezo wenyewe ulinipendeza. Mtoto anambebea mama yake kikapu cha majani ya chai kutoka shambani hadi kituo cha kununulia, na sharti afike kabla karani hajafunga mizani na lori la kiwanda halijaondoka. Mvua ya alasiri inanyesha, njia ina utelezi, na kila akianguka majani humwagika. Mkulima mdogo yeyote wa Kericho na Bomet anaijua hofu hiyo. Majani yaliyokosa lori huharibika, na jasho la siku nzima huenda bure.

Lakini picha ya kuuzia? Simba! Nyuma yake umesimama mgunga, na jua linazama likiwa jekundu kama damu. Nikauliza simba huyo anatokea wapi katika mchezo. Wakacheka. Hayumo. Waliambiwa kwamba mgeni akisikia Afrika hutaka kuona simba.

Shauri hilo ni baya hata kwa biashara tupu. Anayetaka simba atafungua, atakuta chai, naye atajiona amedanganywa. Steam humruhusu mnunuzi kudai fedha zake katika siku 14, ikiwa hajacheza kwa zaidi ya saa mbili. Atazidai, na huenda akaacha maneno machungu nyuma yake. Na yule ambaye angependa kushindana na mvua na lori atapita zake, kwa kuwa hakuna aliyemwita. Picha ya mchezo ni ahadi. Kazi yake si kumwita kila mtu, bali kumwita mwenyewe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Isitoshe, wenzetu wameonyesha kwamba simba si lazima. Mwaka 2015 Black Division Games ya hapa Kenya iliuita mchezo wake Nairobi X, jina la mji likawekwa mbele bila haya. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Kameruni iliuza kwenye Steam mchezo wa Aurion, wenye mashujaa waliovikwa na kubuniwa kutokana na mila na hadithi za Kiafrika. Hawa waliwaonyesha wageni kitu ambacho hawajakiona, nacho ndicho hasa anachokitafuta mtu aliyechoshwa na picha zinazofanana.

Niliwaambia wachore kile kinachotendeka: mtoto aliyeinama chini ya kikapu, na taa za lori ndani ya ukungu. Nikawaonya pia kwamba kijani juu ya kijani hupotea. Shamba lote la chai ni kijani, basi mtoto na avae nailoni ya manjano ya kukinga mvua, jicho lipate pa kutua. Jina liwe fupi, la herufi nene. Kisha waipunguze picha hadi ilingane na ukucha wa kidole gumba na kuiondoa rangi zote. Kama mtoto na kikapu bado vinatambulika, picha imefaulu. Sifa na tuzo zisiandikwe juu yake. Tangu Septemba 2022 Steam imekataza jambo hilo katika picha hizo. Nazo picha za ndani ya ukurasa zionyeshe mchezo wenyewe ukichezwa, bila mapambo.

MKONO NA MASHINE

Ndipo mmoja akauliza, "Kwa nini tusiiambie akili mnemba ichore bure?" Alikuwa amekwisha kujaribu. Picha ilimeremeta, lakini mama aliyechorwa alikuwa ameshika tawi zima lenye majani makuukuu. Mtoto yeyote wa Kabianga angecheka, maana anajua kinachochumwa ni majani mawili na chipukizi lake.

Tangu Januari 2024 Steam humtaka mtungaji atangaze kama ametumia akili mnemba. Hata hivyo, kinachonisumbua mimi ni kikubwa kuliko sheria ya duka. Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto hapa Kericho na watu walioona mikono yao imekosa kazi. Siungi mkono uchomaji wa mali. Lakini mchezo unaousifu mkono wa mama mchumaji hauwezi kuwekewa mlangoni picha iliyomnyima kazi mkono wa mchoraji, nasi tukasema hatukuona.

Mtaniambia vijana hawa hawana fedha, na ni kweli. Lakini katika miji yetu wapo wachoraji wa kuta za maduka na vibao, mafundi waliozoea kuchora kitu kisomwe kutoka mbali, na wengi wao hawana kazi ya kutosha. Waandikiane mkataba wa kugawana mapato, hata kama ni karatasi moja tu, kila mmoja ajue fungu lake kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Vyuo vyetu navyo, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopewa hati yake mwaka 2013, visiwatenge wenye kompyuta na wenye brashi kana kwamba ni makabila mawili.

Chai yetu ilikwenda ng'ambo kwa miaka mingi ndani ya magunia na makasha, ikachanganywa huko na kuvikwa majina ya wengine. Michezo ya vijana wetu inakwenda huko huko. Safari hii kasha ni letu, na ni sisi tutakaochora juu yake.