Mazungumzo ya Nyumbani: Nani Atakula Nasi Krismasi?

Mwezi wa kumi na mbili umeingia, na katika nyumba nyingi hesabu imekwisha kuanza: mbuzi yupi atachinjwa, mchele kilo ngapi, fundi gani atashona nguo za watoto, na nani katika jamaa atakuja kutoka Dar es Salaam au Mwanza. Mambo hayo ni mema, wala hatuyalaumu. Twaijua furaha ya bibi kizee aonapo wajukuu wakishuka garini pale Usa River na mizigo yao, wakianza kuupanda mlima kuelekea kwake. Lakini ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani, nasi twapenda kuuliza swali moja tu: siku hiyo, mezani penu, nani atakula pamoja nanyi?

Swali hili si geni. Bwana wetu alizaliwa safarini, wazazi wake wakiwa wageni katika mji wa watu, nao hawakupata nafasi palipolala wasafiri. Habari yote ya Krismasi yaanza na jambo hilo la nafasi. Basi mtu akisema, "Sisi twaijua Krismasi," yafaa aulizwe kwanza kama nyumba yake ina kiti kimoja zaidi.

Sisi wa Meru tuna sababu zetu za kulifikiri jambo hili kuliko wengine. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri kutoka Kilimanjaro, wakapiga hema zao. Hawakukaa siku nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 waliuawa, na pamoja nao baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. (Wachaga hao hutajwa mara chache, nasi twaona si haki, maana damu yao ilimwagika pale pale.) Watu wa mlima waliwaogopa Wadachi, na kwa macho yao mzungu wa hema na mzungu wa bunduki walikuwa ni wamoja. Baadaye askari wa Kidachi wakaja kulipiza kisasi: watu wengi wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa, migomba ikakatwa. Haikupita miaka mingi, wamisionari wakaja tena. Mwaka 1902 kituo kikafunguliwa Nkoaranga, na mwaka 1904 kingine Ilboru kwa Waarusha. Fikirini, wapenzi: watu waliotendeana hivyo, wakakaa baadaye katika nyumba moja ya ibada na kuuimba wimbo mmoja wa Krismasi. Jambo hilo halikuwa jepesi kwa upande wo wote.

Lakini habari tunayotaka kuikalia zaidi ni ya karibu kuliko hiyo, na wazee wachache walioiona kwa macho yao wakiwa watoto bado wako. Ni Krismasi ya mwaka 1951.

Vijana wetu wengi wamesikia jina la Ngarenanyuki kwa sababu ya nyanya zinazojaza masoko yetu. Ng'ambo ile ya mlima, upande wa kaskazini, ndiko Wameru walikolisha ng'ombe wao na kulima. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza, ikifuata shauri la tume ya Jaji Mark Wilson, ilitaka nchi ile iwe ya walowezi wa kizungu, na wenyewe wahamie Kingori. Wameru wakakataa. Walisema Kingori ni nchi ya joto na homa, na ya magonjwa ya mifugo; tena walisema nchi ile ya Ngarenanyuki ni yao. Hawakushika mikuki. Walikaa tu, wakakataa kuondoka.

Tarehe 17 Novemba 1951 kazi ya kuwahamisha kwa nguvu ikaanza. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, mifugo ikaswagwa, na mingi ikafa. Watu wapatao 3,000 walitolewa katika makao yao. Hesabuni wenyewe: tangu siku ile hata Krismasi ni siku 38 tu. Mama aliyekuwa na ghala ya mahindi mwanzoni mwa Novemba, siku ya kuzaliwa kwa Bwana hakuwa na jiko. Na wengi wao walikuwa Wakristo, watu wa sharika zetu hizi hizi.

Walikwenda wapi? Wengi hawakukubali kukaa Kingori, wala hawakuipokea fidia. Walitafuta hifadhi kwa jamaa zao huku mlimani. Nasi twajua vihamba vya mlimani vilivyo: hata wakati ule nchi ilikwisha kuwa nyembamba, migomba imesongamana, na ndugu wanagawana hatua kwa hatua. Kumpokea ndugu na mkewe na watoto sita katika kihamba cha namna hiyo si jambo la chakula cha siku moja. Ni kugawana kitanda. Ni kukata mkungu uliokusudiwa juma lijalo, kisha kumfunga ng'ombe wa mwingine katika zizi lako na kumtafutia majani. Hapo mtu hawezi kusema "karibu" kwa mdomo tu.

Wala mchango wao haukuishia jikoni. Watu hao hao, pamoja na jamaa zao, walichanga fedha, kila mtu kwa kadiri alivyoweza, ili mmoja wao asafirishwe kwenda New York kulisema shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliyetumwa ni Kirilo Japhet. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akawaeleza wakubwa wa dunia habari ya nyumba zilizochomwa chini ya Mlima Meru. Hawakupata walichokitaka mwaka ule. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 nchi ile ilikuwa tena mikononi mwa Wameru, na leo ni kata katika Wilaya ya Meru. Twawaomba akina baba, mkiwa mmekaa na watoto jioni ya siku kuu, waambieni habari hii. Yafaa kuliko kuwaacha kila mtu na simu yake.

Sasa tushuke mjini, tuseme neno ambalo huenda likawachoma wengine.

Katika nyumba nyingi za Njiro, Sakina, Kijenge na Sanawari yuko msichana wa kazi. Ametoka Singida, au Kondoa, au hapa hapa mlimani kwa watu wasio na kitu. Siku ya Krismasi yeye ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Aukuna nazi, aupika pilau, awaosha watoto na kuwavika nguo mpya. Na wenye nyumba wanapokwenda kanisani yeye hubaki na sufuria. Wageni wakila, yeye husimama mlangoni akingoja sahani zitoke. Akila, hula jikoni kilichobaki. Kisha sisi tunaimba kwamba Bwana alizaliwa katika hali ya unyonge! Hatusemi nyumba zote ziko hivyo. Ziko nyumba tunazozijua ambazo msichana huketi mezani kama mwana, naye akapewa nauli na likizo katika mwezi wa Januari kwenda kumwona mama yake. Lakini kwa zile nyingine neno hili limeandikwa.

Na yule mlinzi wa usiku je? Getini pana baridi ya Desemba ya asubuhi, na mvua za vuli hazijakoma kabisa. Sahani moja yenye moto, iliyofunikwa, ikipelekwa na mtoto wa nyumba mwenyewe kwa mikono miwili na kwa neno "Shikamoo, baba", humfundisha mtoto huyo jambo ambalo hatalipata katika madaftari yake.

Tarehe 26 nayo ni siku kuu ya taifa. Wako wanaoidhani kuwa ni siku ya ndondi, kwa sababu ya jina lake la Kiingereza, nasi tumecheka tuliposikia hivyo. Maana yake ni ya sanduku. Huko Uingereza zamani watumishi walifanya kazi siku ya Krismasi yenyewe, na kesho yake mabwana wakawapa sanduku la zawadi na ruhusa ya kwenda kwao. Sisi tumeirithi siku, sanduku tumeliacha. Mwenye nyumba ye yote apendaye aweza kulirudisha mwaka huu huu, pasipo kumwuliza mtu.

Twarudi mlimani, maana huko tuna desturi yetu ambayo twaipenda sana: mnada wa baada ya ibada. Mgeni akija kwetu mara ya kwanza hushangaa. Watu wametoka kanisani, bado wamevaa mavazi yao mazuri, na mzee wa kanisa amesimama chini ya mti ameinua kuku kwa miguu yake. Hapo chini kuna mikungu ya ndizi, mayai ndani ya bakuli, maboga, maziwa, na pengine mwana-mbuzi analia. Asiyekuwa na fedha ameleta alichovuna. Mwenye fedha anakinunua. Na fedha inaingia katika kazi ya Bwana. Mjane aliyeleta mayai manne ametoa sadaka sawasawa na mwalimu aliyeleta noti, wala hakuona haya. Tumepata kuona boga moja likinunuliwa mara tatu, kwa kuwa kila aliyelinunua alilirudisha liuzwe tena, na watu wakashangilia sana kuliko wangepewa boga zima nyumbani. Ni furaha ya namna yake, na asiyeijua hawezi kuelezwa vizuri.

Lakini tuna shauri kwa wazee wa sharika. Katika mnada wa Krismasi yafaa fungu moja litengwe kwa ajili ya watoto watakaoanza shule Januari. Ada imeondolewa katika shule za serikali, za msingi na za sekondari hata kidato cha nne, tangu mwaka 2016, na hata kidato cha sita tangu 2022. Tunashukuru. Walakini sare haikuondolewa, wala viatu, wala madaftari. Kila Januari wako watoto wanaochelewa kufika shuleni kwa sababu ya shati na sketi, na mara nyingi ni wale wanaolelewa na bibi. Sisi tumekula nyama Desemba. Wao wamekaa nyumbani Januari. Kati ya hayo mawili hakuna siku arobaini.

Kwa hiyo mama anayenunua kitambaa cha nguo ya Krismasi aweza kumwambia fundi akate na cha sare ya shule, kwa mtoto wa jirani. Rangi ajue kwanza, maana shule hazifanani, na akitaka kumficha mtoyo haya, ampe bibi yake na si mtoto mwenyewe. Na baba anayechinja, asisahau desturi ya wazee wetu: mbuzi hagawanywi ovyo. Iko sehemu ya mzee asiye na meno, nayo ni laini. Iko sehemu ya wajomba, na ya akina mama. Mbuzi anayeliwa na nyumba moja, mlango umefungwa, babu zetu wangesema ameibiwa. Na wale wanaopika loshoro, mahindi na maziwa mgando, wapike chungu kikubwa kidogo, maana wageni wa siku hiyo hawapigi hodi kwa hesabu.

Wazee wa sharika waliokubali shauri la sare watangaze mapema, Jumapili mbili kabla ya Krismasi, ili watu wajue la kuleta. Mayai yafungwe vizuri katika majani makavu ya mgomba. Na kuku wafungwe miguu kabla ya ibada kuanza.