Gari lililobadilishwa moteri na buati: abiria wa Mavivi ana haki ya kujua amepanda nini

Kwenye barabara ya kitaifa namba 4, kutoka Mavivi kuelekea Mbau, Oicha na Eringeti, gari kuharibika si jambo dogo. Kwingine dereva anateremka, anafungua boneti, anapigia fundi simu na kungoja chini ya mti. Huku kwetu, ambako waasi wa ADF wameua raia na kuchoma magari kwa miaka mingi, kungoja kando ya msitu kunaweza kukugharimu maisha. Kuna wakati magari yalitembea kwa msafara yakisindikizwa na askari, na kila aliyesafiri hivyo anajua: gari moja likizimika, linachelewesha wote, au linaachwa nyuma na watu wake.

Ndiyo sababu leo naandika juu ya jambo ambalo kwa kawaida linaachiwa watu wa garaji. Ni yale magari yaliyotolewa moteri ya kiwandani na kuwekewa nyingine, na yaliyotolewa buati otomatiki na kuwekewa buati ya mkono. Yako mengi kati yetu. Yanabeba wafanyabiashara wa Butembo, wagonjwa wa Oicha, na wasafiri wanaoteremka kwenye uwanja wa ndege wa Mavivi.

Maoni yangu ni haya. Kazi hiyo yenyewe si mbaya, na mara nyingi ina akili kuliko kuendelea kutengeneza kilichokwisha. Lakini ikifanywa nusunusu, bila majaribio na bila karatasi, anayelipa wa kwanza ni abiria, kabla ya fundi na kabla ya mwenye gari.

Kwa nini watu wanabadilisha

Magari mengi madogo yanayotembea Beni, Mavivi na Butembo yalitumiwa kwanza Japani. Yakashushwa bandarini Mombasa, yakavuka Kenya na Uganda, yakaingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi. Kule Japani yalikuwa yanatembea kwenye lami, na watu wachache ndani. Wengi wao huko wanapenda buati otomatiki.

Buati otomatiki inaishi kwa mafuta yake maalumu. Mafuta hayo ndiyo yanayopitisha nguvu ya moteri, yanapoza na kulainisha vyote kwa pamoja. Ukipakia watu tisa na magunia juu, ukasukuma gari kwenye matope nusu saa, mafuta yanapata moto kupita kiasi, yanageuka meusi, na sahani za ndani zinaanza kuteleza. Mwenye gari naye anaongeza mafuta yoyote aliyoyakuta dukani. Kutoka hapo, mwisho wa buati hauko mbali. Ukinunua nyingine ya otomatiki iliyotumika, hujui imetembea kilometa ngapi, na barabara itakayoipokea ni ile ile.

Buati ya mkono ina faida ambazo kila dereva wa huku anazielewa. Betri ikifa, watu wanateremka, wanasukuma, gari linawaka. Otomatiki hata mkiisukuma mpaka Oicha haiwaki. Gari la mkono unaweza kulivuta kwa kamba. La otomatiki, ukilivuta mbali huku magurudumu yanayosukuma yakizunguka chini, unamaliza kuiharibu buati. Na kwenye mteremko, kama wa kutoka Butembo kuja Beni, dereva wa gari la mkono anashika vitesi ndogo na moteri inamsaidia kupunguza mwendo.

Kwa moteri pia kuna sababu. RAV4 za kati ya 2000 na 2005 zilizotengenezwa kwa soko la Japani, pamoja na Noah zilizofuata mwishoni mwa 2001, nyingi zina moteri ya 1AZ-FSE, ile iliyoandikwa D-4 juu ya kifuniko. Hiyo inapuliza esanse moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu kubwa. Pompi yake na vipulizio vyake vinataka esanse safi. Sisi tunanunua esanse ya chupa na bidoni kando ya barabara, kwa wale tunaowaita Kadhafi. Basi mafundi wanaitoa, wanatafuta 3S-FE, moteri ya sentimita za ujazo 1,998 iliyokuwa ndani ya RAV4 ya kwanza ya 1994 na Ipsum ya kwanza. Ni ya zamani, lakini inavumilia, na kila garaji inaijua.

Kwa mazutu ni vivyo hivyo. Prado na Surf zenye 1KZ-TE zinajulikana kwa kichwa cha moteri kupasuka zikipata moto, na pompi yake inaongozwa na umeme. Wengi wanaibadilisha kwa 5L au 1HZ, ambazo pompi yake haihitaji kompyuta. Hiyo 1HZ, yenye silinda sita na sentimita za ujazo 4,164, ndiyo iliyo ndani ya Land Cruiser nyingi za mashirika ya kibinadamu tunazoziona kila siku. Hayakuichagua kwa urembo.

Kwa hiyo, anayesema mafundi wetu wanaharibu magari anakosea. Wanayafananisha na barabara tuliyo nayo.

Pale kazi inapoharibika

Shida ni kwamba moteri na buati si vitu viwili vinavyokaa peke yao. Vimeshikana na breki, waya, kardani na uzito wa gari. Fundi akibadilisha vile viwili na kuacha vingine, gari litawaka, litatembea, mwenye gari atafurahi na kulipa. Kasoro itajionyesha barabarani.

Tuanze na breki. Moteri ya esanse inavuta hewa inapofanya kazi, na uvutaji huo ndio unaosaidia mguu wa dereva kwenye pedali ya breki. Moteri ya mazutu haina uvutaji huo. Kwa Toyota nyingi za zamani za mazutu, kama hiyo 5L, kuna pompi ndogo inayokaa nyuma ya alternateri kwa kazi hiyo. Mtu akitoa moteri ya esanse, akaweka ya mazutu, kisha akafunga alternateri isiyo na pompi hiyo kwa kuwa ndiyo aliyoipata kwa bei nzuri, breki zinakuwa ngumu kama jiwe. Kwenye tambarare utasema ni kuzoea. Kwenye mteremko na watu tisa ndani, hutapata muda wa kuzoea.

Pili ni kuwasha. Gari la otomatiki lina swichi inayozuia moteri isiwake kama gari halikuwekwa kwenye nafasi ya kusimama au ya wazi. Buati ikitolewa, swichi hiyo inaondoka nayo. Fundi mwenye haraka anaunganisha waya mbili moja kwa moja na kuendelea na kazi. Sasa gari linaweza kuwashwa likiwa ndani ya vitesi, nalo linaruka mbele. Mtoto akiwa amesimama mbele ya gari pale sokoni, itakuwaje? Dawa yake ni swichi ndogo kwenye pedali ya ambriyaji.

Tatu ni kompyuta ya moteri. Ile iliyozoea buati otomatiki inaendelea kuitafuta. Taa ya hatari inawaka kila siku, mpaka dereva anaacha kuiangalia. Siku taa hiyo ikiwaka kwa tatizo la kweli, nani atajua?

Nne ni mshikamano wa vyuma. RAV4 moteri yake imelala kwa upana, inazungusha magurudumu ya mbele au yote manne. TownAce Noah ya zamani moteri yake imekaa kwa urefu, chini ya viti, inasukuma nyuma. Zote zinaweza kuwa na 3S-FE, lakini buati ya moja haifungi kwenye nyingine. Anayelazimisha anakata, anachomelea, anarefusha kardani. Na kwa gari la magurudumu manne, ukibadilisha difransheli ya nyuma bila ya mbele, na meno hayalingani, zote mbili zitapigana mpaka kitu kivunjike.

Kuna pia suala la usukani. Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini magari yetu ya Mashariki usukani wake uko kulia, sababu yanatoka Japani kupitia nchi zinazoendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo pedali, nyaya na mipira ya ambriyaji inayotufaa inapatikana Kampala, kwenye soko la Kisekka, kuliko Kinshasa. Anayekuuzia buati akuuzie na pedali zake, pompi zake za ambriyaji na mkono wake wa vitesi. Ukinunua buati pekee, umenunua nusu, na hiyo nusu nyingine itaundwa kwa waya na chuma cha kuchomelea.

Karatasi zinasema kingine

Gari likibadilika, karatasi zinabaki za zamani. Vinyeti tunailipa kwa kufuata nguvu ya moteri. Karti roze inasema kitu kimoja, chini ya boneti kuna kingine. Siku ya ajali, mwenye bima anayetafuta sababu ya kutolipa ameipata bila jasho. Siku ya kuuza gari, mnunuzi anadanganywa bila hata kuambiwa uongo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia lolote.

Sheria ya barabara tunayoitumia nchini ni ya tarehe 30 Agosti 1978. RAV4 ya kwanza ilikuwa bado miaka 16 kabla ya kutoka kiwandani. Hatuwezi kungoja Kinshasa iandike upya sheria hiyo ndipo tujilinde huku Beni.

Najua watu watanijibu nini. Watasema: ukileta karatasi nyingine, umeleta bariyeri nyingine. Askari ataiomba, isipokuwepo utalipa, na ikiwepo pia utalipa. Hofu hiyo ni ya haki. Tangu hali ya dharura itangazwe Mei 2021, wasafiri wa Kivu Kaskazini na Ituri wameona vizuizi vya kutosha. Ndiyo sababu karatasi ninayoitaka haitoki serikalini, na hailipiwi kodi.

Ninachopendekeza

Kila garaji inayobadilisha moteri au buati imwandikie mwenye gari ukurasa mmoja: moteri iliyotoka na iliyoingia pamoja na namba yake, buati iliyotoka na iliyoingia, nani alifanya kazi na tarehe gani. Kisha vitu sita vya kuangalia: nguvu za breki, swichi ya kuwasha, kompyuta, kardani na mipira inayoshika moteri, ubaridi wa radiateri, na difransheli. Fundi atie sahihi, mwenye gari atie sahihi, kila mmoja abaki na nakala yake. Fundi mzuri hatapoteza kitu, kinyume chake atapata wateja. Anayekataa kuandika jina lake kwenye kazi yake amekwisha kukujibu.

Pili, gari lililotoka kubadilishwa lisibebe abiria siku hiyo. Litembee kwanza kilometa mia moja ndani ya Beni na pembeni yake, tupu, kisha na mzigo, kisha kwenye kupanda. Mafuta yanayovuja, mpira uliolegea, waya unaogusa chuma cha moto, yote yanajionyesha katika kilometa hizo. Kujaribu gari kwa kwenda nalo Eringeti na watu ndani ni kucheza na roho za wengine.

Tatu, mashirika ya madereva, ACCO ikiwa ya kwanza, yaombe ukurasa huo kwa kila gari lililobadilishwa kabla halijapewa zamu ya kupakia. Wao wanayajua magari yao. Hawahitaji mashine za kisasa; kujua ni fundi gani aliyeweka moteri kunatosha kuanzia.

Kwa wenye magari nina neno la bei. Kama unataka kubadilisha, baki ndani ya ukoo mmoja: moteri ambayo kiwanda chenyewe kiliwahi kuiweka ndani ya gari la aina hiyo, na buati ya mkono iliyotengenezwa kwenda nayo. Itaonekana ghali siku ya kwanza. Lakini kila kipande kitakachokosekana kesho, utakitafuta kwa jina lake na kukipata. Gari lililochanganywa vipande vya magari matano, likivunjika, ni fundi mmoja tu anayelielewa, na siku hiyo atakuwa amesafiri.

Jambo hili linakuwa la haraka zaidi kwa sababu barabara nazo zinabadilika. Mradi uliozinduliwa Juni 2021 kati ya Kongo na Uganda unahusu kilometa 223, zikiwemo 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Lami ni baraka. Lakini gari lililokuwa likienda kilometa 30 kwa saa kwenye mashimo, kwenye lami litaenda 90, na breki zake ni zile zile alizoziacha fundi.

Ewe abiria, wewe pia una kazi. Unapolipa nauli pale Mavivi, muulize dereva: gari hili limebadilishwa moteri? Breki zake zilijaribiwa na nani? Asikasirike. Unampa pesa na uhai wako kwa pamoja, na jibu la swali hilo ni sehemu ya safari uliyolipia.