Zabuni Tuiandike Wenyewe



Wapo wanaosema zabuni za kwenye kompyuta ni mambo ya watu wa mjini, sisi wa jembe tukae tungoje mnunuzi. Mimi nakataa. Huyo tunayemngoja ndiye anayechukua zabuni ya kulisha shule, halafu anakuja kwetu kununua mihogo na mchicha kwa bei ya kutupa. Jasho letu, faida yake. Alichotuzidi ni karatasi tu. Sasa jamani, hata kuandika tulanguliwe?

Tangu mwaka 2023 Serikali inanunua kupitia mfumo uitwao NeST. Na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Hapo tuangalie vizuri. Ushirika wetu kama ushirika siyo kundi maalumu. Ila kikundi cha akina mama kilichomo humu ndani ni kundi maalumu, na cha vijana vilevile, mradi kiwe kimesajiliwa. Pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii.

Kompyuta siyo ngeni kwetu. Korosho tangu msimu wa 2024/2025 zinanadiwa kwa mfumo wa TMX. Lakini kule wanunuzi ndio wanaoandika bei, sisi tunakubali au tunakataa. Huku kwenye zabuni bei tunaandika sisi. Na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Tuseme wanataka kilo 1,000 za mihogo, na shambani kilo ni Sh. 500. Mwingine ataandika 600 aonekane rahisi, apate. Haya, tupige hesabu. Njiani kilo 50 zitavunjika na kuoza, kwa hiyo ununue 1,050, ni Sh. 525,000. Gari kutoka Maneromango mpaka Mlandizi tuseme 120,000. Kupakia na kushusha 30,000. Jumla 675,000. Aliyeandika 600 kapata zabuni na hasara ya Sh. 75,000, na mkataba keshatia saini! Tena fedha ya Serikali hailipwi siku unayoshusha mzigo. Bila akiba ya kungojea malipo, mzigo wa pili utakushinda. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) kazi yake ingekuwa hii, siyo kununulia vitenge vya sare.

Mengine ni utii wa maandishi. Sisi tuliosomea darasa la watu wazima tulifundishwa kusoma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Zabuni nayo ni hivyo hivyo. Wakitaka kilo, usijibu kwa magunia. Wakitaka leseni, iambatanishe, usiandike "tutaileta". Wakiuliza utafikishaje mzigo, eleza gari gani, siku zipi, nani msimamizi. Maneno ya "sisi ni wachapakazi hodari" hayana maksi. Ukichelewa saa ya kufunga, mfumo umefunga, hakuna mlinzi wa kumbembeleza. Na hati ya kughushi itafanya kikundi kifungiwe.

La mwisho linaniudhi. Kuna vijana wa mjini wanaojaza kwa malipo. Kumlipa mtu akuchapie siyo kosa. Lakini wengine wanaandikisha namba yao ya simu na neno la siri wanabaki nalo wao. Basi kikundi ni chenu kwa jina, taarifa zote zinakwenda kwake. Huo ni mrija wa kisasa. Namba iwe ya kikundi, na neno la siri wajue viongozi wawili.

Jumamosi saa 4 asubuhi akina mama na vijana mfike ofisini. Njooni na katiba ya kikundi, vitambulisho na daftari la mahesabu. Tutaanza na bei ya muhogo.

Katibu wa Tawi